Mbwa Aliyekuwa Akigeuza Nyama Choma

Hebu fikiria uko kwa kibanda cha nyama choma Jumamosi jioni. Kuna jamaa pale kwa jiko, kazi yake kugeuza nyama isiungue. Sasa mtoe huyo jamaa, umweke mbwa.

Sitanii, wasee. Uingereza ya zamani ilikuwa hivyo. Nyama ilichomekwa kwa chuma kirefu mbele ya moto, na juu ukutani kulikuwa na gurudumu la mbao. Mbwa anaingizwa humo ndani, anakimbia, gurudumu linazunguka, mnyororo unageuza chuma. Kipande kikubwa kilichukua saa nyingi kuiva, kwa hivyo mara nyingi mbwa walikuwa wawili, wanapokezana zamu. Walikuwa na mwili mrefu na miguu mifupi iliyopinda. Daktari John Caius aliwataja kwenye kitabu chake cha mbwa wa Uingereza, mwaka 1570. Na Jumapili je? Wengine walipelekwa kanisani kulalia miguu ya wenyewe ipate joto. Yaani hata siku ya mapumziko walikuwa kazini.

Halafu zikaja mashine za kugeuza nyama. Kufika katikati ya karne ya 19 mbwa hawa walikuwa adimu, na 1900 ilipofika walikuwa wameisha. Hakuna aliyewachukia. Kazi iliisha tu, na hakuna aliyewapenda kiasi cha kuwalisha bure. Amebaki mmoja anaitwa Whiskey, amekaushwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la Abergavenny, huko Wales.

Nimeanza na Whiskey kwa sababu kuna mwingine yuko njia hiyo hiyo sasa hivi, tukiangalia. Anaitwa Otterhound. Ni mbwa mkubwa, manyoya yamechakaa kama mkeka wa zamani, vidole vimeunganishwa na ngozi kama vya bata. Pua yake ni balaa: anaweza kufuata harufu ya fisi-maji aliyepita kando ya mto saa nyingi zilizopita. Kwa mamia ya miaka hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwinda fisi-maji.

Kuanzia miaka ya 1950 fisi-maji walipungua vibaya, sana sana kwa sababu ya dawa za kuua wadudu zilizoingia mitoni. Mwaka 1978 sheria ikawalinda, uwindaji ukaisha. Na mimi nasema sheria ilikuwa sawa kabisa. Fisi-maji wamerudi, na kufikia 2011 walikuwa wameonekana tena katika kila kaunti ya Uingereza. Aliyebaki bila kazi ni mbwa.

The Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huko, kilichoanzishwa 1873, huiweka aina ya kienyeji kwenye orodha ya hatari ikiwa watoto wanaosajiliwa hawazidi 300 kwa mwaka. Otterhound kuna miaka hawafikishi hata 50. Mwaka 2018 Bulldog wa Kifaransa alimpiku Labrador akawa namba moja Uingereza, na waliosajiliwa mwaka huo walikuwa zaidi ya 30,000. Huyo ni yule mdogo wa uso bapa unayemwona kila mahali mtandaoni. Wengi wao hupumua kwa shida kwa sababu ya uso huo huo watu wanaoupenda.

Najua mtaniambia, sasa nani ataweka Otterhound kwa bedsita? Si mimi. Mwenye nyumba wangu hataki hata paka. Lakini zamani watu waliuliza mbwa anaweza kufanya nini, siku hizi tunauliza anatokea vipi kwa picha, na mnyama anayenuka matope na kubweka kwa sauti ya ngoma hapo hana chake.

Whiskey bado yuko Abergavenny ndani ya kioo, miguu imepinda. Otterhound angalau bado tunaweza kumrekodi akiogelea.