Nta ya Parafini na Historia Yake Katika Nchi za Ziwa

Mkuyuni, kusini ya mji wa Mwanza, yachukua jina lake katika mti wa mkuyu. Mkazi wa huko akisikia neno "parafini" aweza kudhani ni mafuta ya taa, kwa kuwa Waingereza waliyaita hivyo. Katika maabara, lakini, parafini ni nta nyeupe, ngumu. Msaidizi asiyejua tofauti hiyo aweza kuharibu kipande cha nyama ambacho hakipatikani tena.

Nta hiyo iligunduliwa na Mjerumani Karl Reichenbach mwaka 1830, akaiita kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kisichopatana na vingine. Mwaka 1869 Edwin Klebs aliitumia kushikia vipande vya mwili. Jina lenyewe laeleza kazi. Nta haipatani na maji. Kwa hiyo kipande cha mtu au mnyama, kikiisha kukazwa kwa formalini, hutolewa maji kwa spiriti hafifu, kisha kali, ndipo kikatiwa katika zailini, ambayo yapatana na spiriti na nta pia. Hatimaye hutiwa katika nta iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ikiganda, hukatwa vipande vyembamba vya sehemu 3 hadi 5 za elfu ya milimita, vikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Manufaa yake yalionekana upande wa pili wa Ziwa. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto. Mwaka 1960 Gregory O'Conor na Jack Davies, kwa kuchunguza vipande hivyo, walionyesha kuwa uvimbe uliopewa majina mbalimbali ulikuwa saratani moja ya limfu. Ugonjwa ulipojulikana ni mmoja, dawa yake iliweza kutafutwa, na watoto wengi wakapona.

Mwanza nayo ilipata hospitali kubwa ya Bugando mwaka 1971.

Basi, kama majina mengi ya ugonjwa mmoja yaliwapoteza waganga, jina moja la vitu viwili laweza kumpoteza mwanafunzi. Yafaa tuseme "nta ya parafini", na mafuta tuyaachie taa.