Tarehe 5 Februari: siku moja, mambo matatu

Wakati wa chama kimoja, tarehe 5 Februari ilikuwa sikukuu ya taifa. Ofisi zinafungwa, hotuba redioni, gwaride la vijana uwanjani. Wengi wetu tuliokulia baada ya 1992 tunaijua kama siku ya CCM tu: mashati ya kijani, malori yaliyojaa wanachama, kisha kila mtu anarudi kwake. Lakini tarehe hii imebeba mambo matatu, na la tatu lilipangwa makusudi liangukie siku ya yale mawili ya kwanza. Hebu tuyapitie.

La kwanza ni la Unguja, Jumanne ya tarehe 5 Februari 1957. African Association na Shirazi Association, jumuiya mbili ambazo hazikuwa zikiaminiana sana, ziliungana na kuwa Afro-Shirazi Party. Abeid Amani Karume akawa kiongozi, na Sheikh Thabit Kombo akawa mmoja wa nguzo zake. (Jina hilo la pili liweke kichwani, tutarudi kwake.) Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulikuwa unakuja Julai mwaka ule ule, na kila mtu aliona kwamba wakiingia wamegawanyika wataliwa. Nyerere kutoka ng'ambo ya pili alikuwa akiwahimiza waungane. Waliungana, na kwenye uchaguzi ule chama cha ZNP hakikupata hata kiti kimoja.

Ndoa yenyewe haikuwa na amani. Mwaka 1959 baadhi ya Washirazi walijitoa wakaanzisha ZPPP chini ya Mohammed Shamte, na ni huyo Shamte aliyekuwa Waziri Mkuu Zanzibar ilipopata uhuru Desemba 1963. Hakukaa mwezi na nusu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamkuta hapo. Lakini hiyo ni tarehe nyingine, ina makala yake.

La pili ndilo ambalo wazee wanalisema kwa sauti ya chini, wengine kwa fahari na wengine kwa kinyongo. Azimio la Arusha. Vitabu vya shule vilituchanganya kidogo hapa: Azimio halikupitishwa tarehe 5. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na ikalipitisha huko. Tarehe 5 Februari, siku ya Jumapili, ndiyo lilipotangazwa Dar es Salaam. Kesho yake Jumatatu, benki zikataifishwa. Yaani uliweka pesa zako Ijumaa kwa Barclays, Standard au Grindlays, ukaamka Jumatatu benki ni ya serikali! Ndipo ikazaliwa NBC. Zikafuata kampuni za bima, vinu vya kusaga nafaka, na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge.

Ila kwa maoni yangu, moto wa Azimio haukuwa kwenye benki. Benki zilikuwa za wageni, na nani angelia? Moto ulikuwa kwenye miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma tena hilo la mwisho, kisha fikiria unaowajua leo.

Ili kuelewa kwa nini ilifika huko inabidi urudi nyuma miezi michache. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa ameona tabaka likiota mbele ya macho yake: watu wachache waliosoma kwa jasho la wakulima, wanaotaka walipwe kama wakoloni walioondoka. Unaweza kumpinga kuhusu dawa aliyoitoa (mimi mwenyewe nina maswali mengi kuhusu maduka yaliyokuja kukosa sabuni), lakini ugonjwa aliuona sawasawa.

Watu walilipokea kwa miguu. Vijana walitembea kutoka mikoani kuunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa njiani kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Oktoba 1967 Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Wengine waliondoka kwa njia tofauti: Oscar Kambona alikimbilia uhamishoni Julai mwaka huo.

Sasa la tatu. Tarehe 5 Februari 1977, Jumamosi, ASP ikitimiza miaka 20 na tangazo la Azimio miaka 10, TANU na ASP zilikufa na CCM ikazaliwa Zanzibar. Nyerere akawa Mwenyekiti, Aboud Jumbe Makamu. Na kamati iliyoandika katiba ya chama kipya iliongozwa na nani? Sheikh Thabit Kombo. Alikuwepo ASP ilipozaliwa, akawa msimamizi wa mazishi yake. Katibu wa kamati alikuwa Pius Msekwa. Kisha watu hao hao wakapewa kazi ya kuandaa Katiba ya nchi, ikapitishwa Aprili 1977. Ile ile ambayo, pamoja na viraka vyake vyote, bado tunaitumia. Kwa hiyo unaposikia watu wanadai katiba mpya, wanabishana na kazi iliyofanywa na kamati ya chama ndani ya wiki chache.

Aliyelipa gharama ya siku ile ni Jumbe. Kama kiongozi wa ASP alikubali chama cha Wazanzibari kimezwe ndani ya chama kimoja. Januari 1984, alipotaka kuhoji mfumo wa Muungano, chombo kilichomng'oa kilikuwa kikao cha chama hicho hicho, Dodoma. Hakuwa tena na chama cha kwao cha kukimbilia. Miaka kumi baadaye aliandika kitabu kuhusu Muungano, The Partner-ship.

Kuna kitu kingine cha wiki ile ya 1977 ambacho huwa hakitajwi kwenye sherehe. Tarehe 4 Februari, siku moja kabla, Kenya Airways ilianza kuruka, kwa sababu shirika la pamoja la East African Airways lilikuwa limeshaanguka. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kwa hiyo huku vyama viwili vinaungana, jumuiya ya nchi tatu inavunjika. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Na miiko ya uongozi? Februari tena, mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza: hisa ruksa, mishahara miwili ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Hakukuwa na maandamano ya miguu safari hii. Ukumbi wa zamani wa Kaloleni, Arusha, siku hizi ni makumbusho ya Azimio.