Kabla ya flashi: jinsi wanamuziki walivyojifunza kutunza sauti zao

Mwaka juzi, Jumamosi jioni, mpiga gitaa wa bendi yetu ya kanisa aliamua kusasisha programu ya ndani ya kifaa chake cha efekti. Unavijua vile vifaa vya kuweka sakafuni, vyenye swichi za kukanyaga na kioo kidogo, ambavyo ukifungua ndani ni kompyuta kabisa? Ndicho hicho. Usasishaji ulifika kama nusu hivi, umeme ukakatika. Uliporudi kifaa kiliwaka vizuri tu, hakina hata mkwaruzo. Ila sauti zote alizotengeneza kwa miaka mitatu hazikuwepo, zimebaki zile za kiwandani. Sauti ya pambio, sauti ya solo, ile ya polepole ya wakati wa maombi yenye mwangwi mrefu, zote kwisha. Na kesho yake ni Jumapili. Kilichouma zaidi ni kwamba flashi tupu alikuwa nayo mfukoni muda wote, ameifunga pamoja na funguo za nyumba.

Akaniuliza, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" pale: "Kaka, gitaa lipo, kifaa kipo, waya zipo. Sauti imekwenda wapi?"

Swali hilo si la kitoto. Nikajikuta nalifuatilia wiki nzima badala ya kuandika sura ya pili ya tasnifu yangu (msimamizi wangu akisoma hapa, naomba anisamehe).

Tuanzie mwaka 1970, Minimoog ilipoingia sokoni Marekani. Ile ni sintesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, na sauti yake inapatikana kwa kuzungusha vitufe vingi vilivyo juu yake. Haikuwa na kumbukumbu yoyote. Ukipata sauti nzuri leo, halafu mtu apite na kuzungusha kitufe kimoja, basi. Dawa ilikuwa karatasi: unachora picha ya vitufe vyote na kuweka alama kila kimoja kimesimama wapi. Wapiga gitaa nao walifanya hivyo hivyo kwenye pedali zao, kwa kalamu au kipande cha utepe wa kubandika. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, huna muda wa kusoma karatasi gizani.

Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya California, ya Dave Smith, ikatoa Prophet-5. Ndani yake kulikuwa na chipu ya kompyuta, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kitufe hakikugusa tena sauti moja kwa moja. Chipu ilisoma kimesimama wapi, ikageuza kuwa namba, ikatunza namba hiyo. Sauti nzima ikawa orodha ya namba, na Prophet-5 iliweza kukumbuka sauti 40. Ukibonyeza kimoja cha vitufe vya kuitia, orodha inasomwa na sauti inarudi kama ilivyokuwa.

Sasa jibu la swali la ndugu yetu tunalo. Sauti, kwa maana ya kile kilichopotea Jumamosi ile, ni namba. Disto kiasi gani, mwangwi uchelewe kwa muda gani, amplifaya ipi iigwe. Gitaa halijui chochote kuhusu namba hizo.

Lakini namba zinahitaji mahali pa kukaa, na kumbukumbu za wakati ule zilikuwa na tabia moja mbaya: umeme ukizimwa zinasahau kila kitu. Kwa hiyo watengenezaji walichomelea betri ndogo ndani ya kifaa, kazi yake ni kuilisha kumbukumbu usiku na mchana hata kinanda kikiwa kimefungwa kabatini. Betri za namna hiyo hudumu miaka mingi. Halafu siku moja zinakufa, bila kupiga hodi.

Njia ya kwanza ya kutoa nakala nje ya kifaa ilikuwa kaseti. Ndiyo, kaseti ileile ya redio. Roland Juno-60 ya mwaka 1982, kwa mfano, ilikuwa na matundu ya kuunganisha rekoda. Namba zinageuzwa kuwa milio miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, sifuri na moja, na rekoda inazirekodi kama vile inarekodi wimbo mbaya sana. Ukitaka kuzirudisha unacheza kaseti, kinanda kinasikiliza. Sauti ya rekoda ikiwa ndogo hakisikii, ikiwa kubwa mno milio inavurugika. Ndiyo maana Juno-60 ilikuwa na hatua ya kuhakiki: unarudisha utepe nyuma, unaucheza, kinanda kinalinganisha na kilicho ndani kabla hujajidanganya kwamba umetunza. Hatua hiyo naomba uikumbuke.

Kaseti ilikuwa rahisi, ila kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya milio. Hapa ndipo linapokuja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa hadithi hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Dave Smith, Ikutaro Kakehashi wa Roland huko Japani, na watu wa kampuni nyingine kadhaa walikubaliana vinanda vyote viongee lugha moja. Lugha hiyo ni MIDI. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, waliunganisha Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland kwa waya. Ukipiga kimoja, kingine kinalia. Kampuni zilizokuwa zikigombea wateja walewale! Na hawakutoza mtu ada ya kuitumia. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Ndani ya MIDI waliacha mlango mmoja wa pembeni. Ujumbe wa kawaida unasema "bonyeza noti hii" au "iachie". Lakini ujumbe unaoanza na namba 240 na kumalizika na 247 unaweza kubeba chochote katikati, mradi tu namba inayofuata 240 itaje kampuni: 67 ni Yamaha, 65 ni Roland. Kifaa kisichohusika kinaupuuza. Wanamuziki wanauita sisieksi. Kupitia mlango huo, kinanda kinaweza kumwaga kumbukumbu yake yote kwenye waya.

Chukua Yamaha DX7, iliyotoka mwaka huohuo wa 1983, ambayo piano yake ya umeme utaikuta kwenye nyimbo nyingi za mapenzi za muongo ule. Ilibeba sauti 32. Kila sauti, ikikunjwa vizuri, ni baiti 128, na humo limo hata jina lake la herufi 10. Zidisha 32 kwa 128 unapata baiti 4,096. Ongeza 6 za utangulizi, moja ya hakiki na moja ya kufunga: 4,104. Waya wa MIDI unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti inasafiri kama biti 10 kwa kuwa ina alama ya kuanza na ya kuishia. Piga hesabu mwenyewe: ni kama sekunde 1.3. Jasho lote la mtu la miezi kadhaa linapita kwenye waya kwa muda wa kupiga chafya.

Ile baiti moja ya hakiki ina kazi nzuri. Mtumaji anajumlisha data zote na kuweka namba inayofanya jumla iishie kwenye sifuri. Mpokeaji naye anajumlisha, na isipotimia anajua kuna kitu kimeharibika njiani. Ni ndugu wa ile hatua ya kurudisha utepe nyuma. (Ukiwahi kukutana na DX7, kumbuka ina kinga ya kumbukumbu inayotakiwa kuzimwa kwanza. Usipoizima inakataa kupokea, na utapeleka kwa fundi kifaa kizima.)

Upande wa pili wa waya kulikuwa na kompyuta, au vifaa kama Alesis DataDisk vilivyopokea sisieksi na kuiandika kwenye flopi. Vifaa vya efekti vya gitaa, vilipogeuka kuwa vya kidijitali, vikapita mlango uleule. Hata Line 6 POD ya mwaka 1998, ile yenye umbo la harage, iliongea MIDI.

Sasa niambie, katika hivyo vyote, nini kimebaki leo? Betri zimekufa. Flopi nyingi hazisomeki, na kama zinasomeka huna pa kuzichomeka. Lakini sauti za DX7 zipo. Zipo kwa maelfu, kama faili ndogo za baiti 4,104 zileile, na unaweza kuzifungua leo kwa Dexed, programu ya bure inayoiga DX7 kwenye kompyuta, au kuzituma kwenye Korg Volca FM ya mwaka 2016. Yamaha ilichapisha mpangilio wa baiti hizo kwenye kitabu cha maelekezo cha kinanda, kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira angeweza kuandika programu ya kuzisoma. Watu wakanakili, wakagawana, wakanakili tena. Hata milio ya kaseti ya Juno-60 inasambazwa mpaka sasa kama faili za sauti, na unaweza kuirudisha ndani ya kinanda kwa kuchomeka simu badala ya rekoda.

Linganisha na yaliyoipata SoundDiver. Ilikuwa programu ya kampuni ya Kijerumani ya Emagic, ya kupanga na kutunza sauti za vifaa vingi, na toleo lake lilitumika pia kwa POD. Mwaka 2002 Apple ikainunua Emagic, matoleo ya Windows yakasitishwa, na SoundDiver yenyewe ikaachwa ifie njiani. Aliyetunza kazi yake kwa mtindo wa faili wa programu hiyo peke yake alibaki na nakala nzima kabisa, haina kasoro, isiyo na msomaji.

Flashi ilitoka upande mwingine kabisa, maabara za Toshiba, ambako Fujio Masuoka na wenzake walitengeneza kumbukumbu isiyohitaji betri. Elektroni zinasukumwa hadi ndani ya kisiwa kidogo kilichozungushiwa kihami. Umeme ukizimwa, hazina njia rahisi ya kutoka. Mwenzake mmoja alisema jinsi kumbukumbu ile inavyofutwa kwa mkupuo inamkumbusha mwanga wa kamera, yaani flashi, na jina likabaki. Nafurahi kwamba sisi ndio tuliolishika jina hilo: Wazungu wengi wanakiita kifaa kwa jina la tundu lake, USB, mtaani kwetu tunakiita kwa jina la kilichomo ndani. Zilianza kuuzwa mwaka 2000, na ile ya M-Systems iliyouzwa na IBM ilikuwa na megabaiti 8. Kwa faili za DX7 hiyo ni karibu seti 2,000.

Baada ya hapo vikaja vifaa vya gitaa vyenye tundu la flashi kabisa. Kemper Profiler ya Ujerumani, kwa mfano, unaichomeka flashi, inaipanga yenyewe, unabonyeza, nakala ya kila kitu inaandikwa bila kompyuta. Na humo hakuna namba za vitufe tu. Profiler husikiliza amplifaya halisi, inaipigia milio ya majaribio, inanakili tabia yake. Kama uliazima amplifaya ya mtu studio kwa siku moja, na tangu hapo imeuzwa, basi faili lile ndilo lililobaki kwako. Likipotea huwezi kulitengeneza upya kwa kukumbuka.

Ila faili hilo linaeleweka na Kemper tu. Kampuni nyingi za leo ziko hivyo, na hapo ndipo ninapoona tumerudi nyuma ya mwaka 1983. Kuna dalili ya upande wa pili: Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, inayotunza tabia ya amplifaya kwenye faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na baadhi ya watengenezaji wameanza kuviwezesha vifaa vyao kulipokea.

Ndugu yetu, Jumapili ile, alipiga kwa sauti ya kiwandani, na mchungaji akamsifu. Hajafurahi mpaka leo. Alizijenga upya sauti kumi na mbili hivi. Ile ya maombi anasema bado haijafika. Siku hizi ana flashi mbili, moja kwenye begi la gitaa, nyingine kwa dada yake Mbagala, na kabla ya kusasisha chochote anairudisha nakala moja ndani ya kifaa kuona kama inafunguka. Kisha anachukua simu anapiga picha kioo cha kila sauti, ukurasa kwa ukurasa, kama mpiga Minimoog na karatasi yake.