Istilahi: Upambanuzi wa Fuwele

Wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega hupanda kichaka cha jamii ya mrehani ambacho wataalamu wa mimea hukiita Ocimum kilimandscharicum. Majani yake hukenekwa ili kupata mafuta yenye kafuri tele, na mafuta hayo ndiyo yanayotiwa katika Naturub, dawa ya kuchua ya kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoshirikiana na wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na kutunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2010.

Kafuri ni fuwele nyeupe. Tuseme mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anataka kujua atomi zake zimepangwaje. Ataipiga fuwele kwa eksirei, na swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: data zako zimefika angstromu ngapi? Kipimo hicho, katika tafsiri za haraka za neno la Kiingereza "resolution", hupewa jina la azimio. Neno hilo linapotosha, na inafaa tuliache.

Azimio hutolewa na watu. Mkutano hukaa, hujadili, huamua. Ndivyo tulivyopata Azimio la Arusha mwaka 1967. Kinachopimwa hapa ni uwezo wa data kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu, na Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani: kupambanua. Aliye juu ya kilima cha Buyangu, katika Msitu wa Kakamega, huuona msitu huo kama kitu kimoja cha kijani. Akishuka na kukaribia ndipo anapopambanua mti na mti, kisha tawi na tawi. Basi istilahi iwe upambanuzi. Wapo wanaotumia mwonekano, nalo halina ubaya kwa skrini ya simu, lakini atomi za kafuri hazionekani na yeyote. Hukokotolewa.

Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Atomi mbili za kaboni zilizoshikana huwa takriban angstromu 1.54 mbali. Upambanuzi ukiwa angstromu 3, mbili hizo huungana katika bonge moja la elektroni, ukifika 0.8, kila moja hujitenga. Ubora unapanda namba ikishuka, ndiyo maana kusema "upambanuzi wa juu" humchanganya anayejifunza. Napendekeza upambanuzi mkali, na kinyume chake upambanuzi hafifu.

Mwaka 1912 William Lawrence Bragg alieleza uhusiano wa pembe, urefu wa wimbi na umbali kati ya matabaka ya atomi. Kutokana na kanuni yake tunajua kwamba madoa ya eksirei yanayotua mbali na kitovu cha picha ndiyo yenye habari za umbali mdogo, na kwamba upambanuzi hauwezi kupita nusu ya urefu wa wimbi. Eksirei za shaba zina wimbi la angstromu 1.54, kwa hiyo hukomea 0.77. Za molibdeni, zenye wimbi la 0.71, huenda mbali zaidi. Kwa kuwa molekuli ndogo hutarajiwa kufikishwa karibu 0.84, anayetumia shaba amebakiwa na nafasi finyu, na hana budi kupiga picha za pembe kubwa kwa muda mrefu, kwani madoa ya huko ni dhaifu.

Kompyuta nayo hulipia. Upambanuzi ukinolewa kutoka 1.6 hadi 0.8, madoa ya kupima huongezeka mara nane, si mara mbili, kwa kuwa fuwele imejengwa katika pande tatu.

Kuna jambo moja ambalo mtu huliamua kweli: mahali pa kukatia data. Hilo tuliite kikomo cha upambanuzi. Kwa miaka mingi watafiti walitupa madoa hafifu ya pembezoni, hadi mwaka 2012 Andrew Karplus na Kay Diederichs walipoonyesha kwamba mengi ya madoa hayo bado yana habari ya kufaa. Walipendekeza kuzigawa data nusu kwa nusu, bila upendeleo, na kupima nusu hizo zinavyokubaliana.

Kafuri yenyewe ni mtihani mgumu. Molekuli zake zinakaribia umbo la tufe, na katika joto la chumba huzunguka papo hapo zilipo ingawa zimejipanga vizuri. Madoa ya mbali hayatokei, hata mashine iachwe ipige usiku kucha. Tena kafuri hugeuka mvuke bila kuyeyuka: fuwele iliyoachwa wazi huweza kutoweka kazi ikiwa katikati, hivyo hufungiwa ndani ya kapilari ya kioo. Ikipoozwa sana, molekuli hutulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliotumia mwanga wa sinkrotroni wa Grenoble, Ufaransa, waliupata mpangilio wake wa baridi kwa kutumia unga wa kafuri badala ya fuwele moja.

Mwanafunzi wetu akiandika kwamba azimio la kafuri ni baya, msomaji atauliza nani aliamua vibaya. Akiandika kwamba upambanuzi wa data zake katika joto la chumba ni hafifu, msimamizi wake ataelewa mara moja kwamba cha kubadilisha ni joto, na atamtafutia naitrojeni ya kimiminika.