Kamenge: Kweli Iliyosemwa Kati ya Majirani

Ukivuka mto Ntahangwa kutoka katikati ya Bujumbura kuelekea kaskazini, unaingia katika mitaa ambayo majina yake yamebeba mzigo wa historia: Ngagara, Cibitoke, Kinama, Buterere, Gihosha na Kamenge. Barabara kuu inayopanda milimani kuelekea Bugarama inapita Kamenge. Hospitali ya chuo kikuu, ile ya Roi Khaled, iko huko huko. Kiswahili kinasikika pamoja na Kirundi, sokoni hadi uwanja wa mpira. Na kwa miaka mingi, Mrundi akisikia "Kamenge" aliwaza kwanza siasa, kisha damu.

Sababu ilianza mapema. Oktoba 1961 Waziri Mkuu Louis Rwagasore aliuawa kwa risasi. Januari 1962, uhuru ukiwa bado haujafika, vijana waliojitwika jina lake waliingia Kamenge wakawaua viongozi kadhaa wa Kihutu, wakiwamo wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo. Waliouawa na walioua walikuwa watu wa nchi moja, wa lugha moja, na kwa sehemu kubwa wa ubatizo mmoja. Kanisa la Burundi limeishi na swali hilo tangu siku hizo: mhubiri afanye nini pale waumini wake wanapouana, naye anawafahamu wauaji kwa majina ya ubatizo?

Mara nyingi jibu lilikuwa kunyamaza. Mwaka 1972 Wahutu waliosoma, walimu, wanafunzi, makarani na mapadre, walikamatwa na kuuawa kwa maelfu kwa maelfu. Makadirio ya kawaida yanaanzia watu 100,000. Miongoni mwao alikuwamo padre na mshairi Michel Kayoya. Barua za maaskofu za wakati ule ziliomba amani na utulivu, lakini hazikusema kwa sauti inayolingana na idadi ya makaburi. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka ambao Kanisa lilijifunza kwamba upole unaweza kuwa njia ya kukwepa. Baadaye, chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, serikali yenyewe ililigeukia Kanisa: wamisionari walifukuzwa, misa za siku za kazi zikazuiwa, na mwaka 1986 jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilipigwa marufuku na seminari ndogo zikataifishwa. Bagaza alipopinduliwa mwaka 1987 vikwazo hivyo viliondolewa. Chuki haikuondoka navyo.

Novemba 1991 Bujumbura ilishambuliwa na waasi, na kisasi kikaangukia mitaa ya Wahutu, Kamenge ikiwamo. Ni katika miaka hiyo ndipo jimbo la Bujumbura lilipowakabidhi Wasaveri kazi ya vijana wa kaskazini. Wasaveri ni shirika la kimisionari lililoanzishwa Parma, Italia, mwaka 1895 na Guido Maria Conforti. Burundi ina nafasi ya pekee katika habari za mtu huyo, kwa sababu muujiza uliokubaliwa Roma alipotangazwa mwenyeheri mwaka 1996 ulikuwa wa kupona kwa binti wa Kirundi. Mapadre watatu wa shirika hilo, Claudio Marano, Victor Ghirardi na Marino Bettinsoli, walianzisha kile ambacho kila mtu Bujumbura alikuja kukiita Kituo cha Vijana Kamenge.

Kilijengwa mahali ambapo vijana wa mitaa inayochukiana wangeweza kufika kwa miguu. Kulikuwa na viwanja vya mpira, maktaba, madarasa ya lugha, muziki, maigizo na mafunzo ya amani. Vijana wa miaka 16 hadi 30 walijiandikisha kwa maelfu: Wahutu na Watutsi, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Hakuna aliyeulizwa kabila mlangoni.

Wapo waliowacheka mapadre hao, na dhihaka yao ilikuwa na uzito. Nchi inaungua, nyinyi mnagawa mipira? Isitoshe, kutouliza kabila katika nchi ambamo watu wanauawa kwa kabila kunaweza kuwa uongo wa aina yake, kujifanya huoni. Lakini mimi nadhani waliocheka hawakutazama vya kutosha. Katika Bujumbura ya mwaka 1994 na 1995, magenge ya vijana wa Kitutsi yaliyojiita Sans Échec yalikuwa yakisafisha mitaa yao, na wanamgambo wa Kihutu wakisafisha ya kwao. Siku za "mji mfu" zilifunga maduka na barabara, na aliyekosea njia hakurudi nyumbani. Kijana wa Ngagara kukaa meza moja na kijana wa Kamenge katika maktaba ile lilikuwa tamko, na kila upande ulilisikia hivyo. Hapakuhitajika mahubiri. Kuvuka barabara tu kulitosha kumwambia mtu wa mtaani kwako kwamba yeye amekosea.

Mji ulikuwa umefika hapo kwa njia hii: Melchior Ndadaye, rais wa kwanza aliyechaguliwa kidemokrasia, mwezi Juni 1993, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo. Mashambani Watutsi waliuawa kwa wingi, kisha jeshi likalipiza kwa Wahutu. Mjini, mitaa iligawanyika mmoja baada ya mwingine. Kamenge ukawa wa Wahutu peke yao na ngome ya wapiganaji. Juni 1995 jeshi liliuzingira na kuuingia kwa nguvu. Wakazi walikimbilia milima ya Isale au kuvuka hadi upande wa Uvira. Nyumba zilibaki bila mabati, bila milango, bila fremu za madirisha, kwa maana kilichoweza kubebwa kilibebwa.

Kituo kiliendelea na kazi katikati ya magofu. Watu walipoanza kurudi, vijana wake walikwenda kwenye kambi za kazi wakati wa likizo, wakafyatua matofali na kusaidia kusimamisha nyumba zilizobomolewa. Kijana Mtutsi akifyatua tofali la nyumba ya familia ya Kihutu anakiri jambo ambalo mahakama za nchi hiyo zilishindwa kulikiri: kwamba nyumba hii haikuanguka yenyewe. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden, ile ambayo wengi huiita Nobel mbadala, kwa ujasiri wake wa kuvuka migawanyiko ya kikabila wakati wa vita.

Gharama ya kusema kweli namna hiyo ililipwa na wengine nje ya Kamenge. Tarehe 30 Septemba 1995, katika parokia ya Buyengero kusini mwa nchi, waliuawa Wasaveri wawili, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na Catina Gubert, mlei aliyefanya nao kazi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya askofu mkuu. Julai 1996 mamia ya Watutsi waliokuwa wakiishi kambini Bugendana waliuawa. Siku ya maziko Rais Sylvestre Ntibantunganya, Mhutu, alipigwa mawe akaondoka mbio. Siku mbili baadaye Pierre Buyoya akachukua madaraka. Joachim Ruhuna, Askofu Mkuu wa Gitega, Mtutsi, ndiye aliyeongoza ibada ya maziko yale, na aliyataja mauaji kwa jina lake bila kuzunguka. Angeweza kuonekana anawasemea ndugu zake tu, kama isingekuwa kwamba alikuwa akilaumu maovu ya pande zote mbili kabla ya hapo. Tarehe 9 Septemba gari lake lilishambuliwa alipokuwa akirudi Gitega kutoka huko huko Bugendana. Akafa.

Nao wanafunzi 40 wa seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, waliamriwa na waasi alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, wakauawa pamoja. Wengi wanaikumbuka Buta kwa machozi, na ni haki. Lakini tuiangalie pia kama hoja. Mhutu mmoja mle bwenini angeweza kuokoa maisha yake kwa kusema jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa kwa kipimo cha kitambulisho: mimi ni Mhutu. Alikataa kwa sababu kweli hiyo ndogo, ikisemwa mahali pale na saa ile, ingekuwa hukumu ya kifo kwa mwenzake. Paulo aliwaandikia Waefeso kuhusu kweli na upendo katika pumzi moja, na sijaona ufafanuzi wa maneno yake ulio wazi kuliko huu.

Wakati vita vinaelekea ukingoni, baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, sauti nyingine ilisikika Kamenge, ya Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwaita Waquaker. Hao walifika Burundi mwaka 1934 na kituo chao cha kwanza kilikuwa Kibimba, mahali ambapo Oktoba 1993 wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto. Kwa hiyo hawakuwa na pa kujificha. Aibu ilikuwa uani kwao. Mmoja wa viongozi wao, David Niyonzima, aliponea chupuchupu mwezi huo wa 1993 askari walipovamia Kwibuka na kuwaua vijana aliokuwa akiwafundisha uchungaji. Baadaye alikwenda kuwasamehe waliohusika, na mwaka 2001 alichapisha kitabu juu ya msamaha Burundi.

Wanawake wa Kanisa hilo walifungua zahanati Kamenge, wakahudumia waliobakwa na wenye virusi vya UKIMWI, watu ambao hata kanisani walikuwa wakisogezewa benchi la nyuma. Marafiki walianzisha pia semina za siku 3 za kuponya majeraha ya vita. Watu kama 20, nusu Wahutu na nusu Watutsi, walikaa pamoja wakasimuliana walichotendewa na, kidogo kidogo, walichotenda. Siku ya mwisho walichora miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mwingine wa kuaminiana, kisha wakaandika mizizi na matunda ya kila mmoja. Mbinu ni rahisi, karibu ya kitoto. Lakini tofauti yake na mahubiri ya Jumapili ni kubwa. Padre au mchungaji akisema "tuliuana", kila msikilizaji hujificha ndani ya neno "tu". Katika semina zile neno hilo lilivunjika: ni wewe, na baba yangu, na usiku ule. Na aliyesemewa alikuwa ameketi hapo hapo, akila ugali wa sahani moja na msemaji.

Kamenge ilitulia, ikajengwa, ikajaa watu tena. Wengi waliirudia wakiwa washindi, maana chama kilichoshinda uchaguzi wa mwaka 2005 kilikuwa na mizizi mirefu pale. Lakini tarehe 7 Septemba 2014, siku ya Jumapili, masista wawili Wasaveri, Olga Raschietti aliyezaliwa 1931 na Lucia Pulici wa 1939, waliuawa mchana ndani ya nyumba yao katika parokia ya Mtakatifu Guido Maria Conforti, Kamenge. Lucia alikuwa mkunga, na kesho yake angetimiza miaka 75. Usiku ule, polisi wakiwa wameshafika na kuondoka, Bernardetta Boggian, wa 1935, aliuawa katika nyumba hiyo hiyo. Wote watatu walikuwa wamefanya kazi Kongo kabla ya kuja Burundi, na walizikwa Bukavu.

Siku mbili baadaye polisi walimwonyesha mtu mmoja na kusema amekiri, kwamba alidai nyumba ya masista ilijengwa juu ya ardhi ya ukoo wake. Watu wengi wa Kamenge hawakuamini. Januari 2015 Redio ya Umma ya Afrika, RPA, ilitangaza mfululizo wa vipindi vyenye sauti ya mtu aliyejitaja kuwa alishiriki, na aliyewahusisha watu wa vyombo vya usalama. Serikali ilikana. Mkurugenzi wa redio, Bob Rugurika, alikamatwa tarehe 20 Januari na kufungwa Muramvya, akakataa kumtoa mtoa habari wake. Alipoachiwa mwezi Februari, umati ulijaa barabarani kumpokea kuanzia milimani hadi mjini. Redio ya walei, si ya Kanisa, ndiyo iliyobeba swali ambalo kila mkristo wa parokia ile alikuwa nalo. Hilo lisiwaumize viongozi wa dini, ila liwasukume.

Kwa kweli maaskofu walisema mwaka ule. Machi 2015 walitangaza wazi kwamba Mkataba wa Arusha na katiba havimruhusu rais muhula wa tatu, na mwezi Mei wakawaondoa mapadre kwenye tume za uchaguzi. Ukilinganisha na mwaka 1972, ni Kanisa jingine. Studio za RPA ziliteketezwa katikati ya Mei hiyo hiyo, wakati wa jaribio la mapinduzi, na waandishi wake wengi wakakimbilia nje.

Tarehe 21 Juni 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri Michel Kayoya, mashahidi wa Buyengero na vijana 40 wa Buta. Ni jambo jema. Lakini altare haichukui nafasi ya mahakama, na heshima kwa waliokufa haiwaondolei jukumu waliobaki. Wapo watu hai, ndani na nje ya Burundi, wanaojua ni nani aliyeingia katika nyumba ile ya Kamenge na ni nani aliyemtuma. Wengine wao wanakwenda misa. Kwa ajili ya Olga, Lucia na Bernardetta, na kwa ajili ya majirani zao waliowalilia, waseme.