Kwa nini viwanda hupima joto la kuvu usiku na mchana

Ukiingiza mkono katikati ya lundo la mboji lililokaa siku chache, utakuta ndani kuna moto ingawa juu ni baridi. Joto hilo halitoki kwenye jua. Linatoka kwa viumbe wadogo sana wanaokula mabaki hayo. Viwanda vinavyotumia kuvu kuzalisha vimeng'enya hukabiliana na joto kama hilo, na wakichelewa saa chache tu, mzigo mzima huharibika.

Vimeng'enya ni nini?

Ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Mate yetu yana kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Kuvu pia hutoa vimeng'enya ili kuyeyusha chakula chake. Viwanda huvikusanya na kuvitumia kuoka mikate, kusafisha juisi na kutengeneza sabuni za unga. Kimoja, kiitwacho fitasi, huwekwa kwenye chakula cha kuku ili wapate fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1894 mkemia Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza nchini Marekani ya kuzalisha kimeng'enya cha kuyeyusha wanga kwa kukuza kuvu kwenye pumba za ngano. Kuvu hiyo, Aspergillus oryzae, ndiyo ambayo Wajapani wameitumia kwa karne nyingi kutengeneza pombe ya mchele na mchuzi wa soya.

Joto linatoka wapi?

Kuvu inapokula sukari hutumia hewa ya oksijeni, na sehemu ya nguvu inayopatikana hutoka kama joto. Pumba nazo ni kama blanketi, hazipitishi joto kwa urahisi. Kuvu hiyo hukua vizuri kwenye nyuzi joto 30 hadi 35. Ikipita 40 huanza kudhoofika, pumba hukauka, na vimeng'enya vyenyewe huweza kuharibika, kama ute wa yai unavyoganda kwenye moto.

Hupimwaje?

Kwenye trei za pumba, kipimajoto huchomekwa katikati, si juu, kwa sababu juu hupoa kwanza. Saa za mwanzo joto hupanda kidogo tu. Kuvu ikishaota vizuri, joto hupanda kwa kasi. Hapo mtunzaji haangalii namba peke yake, bali pia kasi yake. Akiona inakimbia, hugeuza pumba, hupunguza unene wa tabaka au hupuliza hewa yenye unyevu kabla ya kufika 40.

Kwenye matangi ya maji, mabomba ya kupozea huzunguka tangi. Tuchukue mfano: maji lita 100 kila dakika yanaingia yakiwa na nyuzi joto 20 na kutoka yakiwa na 25. Yamebeba joto la kilowati 35 hivi, sawa na majiko 35 ya umeme ya kilowati moja. Ukitoa joto linaloletwa na mota ya kukoroga, utajua kuvu inafanya kazi kiasi gani.

Joto linasema nini?

Lisipopanda, huenda mbegu za kuvu zimekufa au pumba ni kavu mno. Likipanda mapema kuliko kawaida, huenda bakteria wameingia. Likishuka ghafla, chakula kimekwisha au kuvu imekufa.

Na sisi nyumbani?

Kanuni hiyo inafaa ghalani. Gunia la mahindi lenye joto katikati kuliko pembeni huwa lina unyevu, na ukungu au wadudu wameshaanza kazi. Aspergillus flavus, ndugu wa karibu wa kuvu ya kiwandani, hutoa sumukuvu ambayo haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo usijaribu kukuza ukungu wa nyumbani ukidhani ni ule wa kiwandani.

Chomeka mkono au fimbo katikati ya gunia mara kwa mara. Ukihisi joto, lifungue siku hiyohiyo, anika mahindi kwenye turubai na utenge yaliyoota ukungu. Hayo usiyale, wala usiwape kuku.