Goshi, Demani na Taa za Chombo

Katika enzi ya ukoloni, maofisa wa Kiingereza mjini Wajir walikuwa na klabu iliyoitwa Royal Wajir Yacht Club, ilhali mji ule hauna ziwa wala mto, na bahari i mbali. Ulikuwa mzaha, klabu ile haikuhitaji taa. Pwani, hata hivyo, taa ni uhai, na hapo ndipo msamiati wetu unapopimwa.

Kanuni za kuzuia migongano baharini, zilizokubaliwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, zaagiza taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, kwa mtu aelekeaye omo. Tezini huwekwa nyeupe. Lakini mabaharia Waswahili huzitaja mbavu kwa upepo: goshi ni upande utokako upepo, demani ni ule wa pili. Upepo ukiingia ubavu mwingine, goshi huwa demani, taa hazihami. Basi mfasiri aandikaye "taa ya goshi" atawapoteza manahodha.

Hata hivyo, maneno hayo hayafai kutupwa. Kanuni zizo hizo, zinapoamua ni chombo kipi cha tanga kipishe kingine, hutazama upepo unaingia ubavu gani. Twahitaji jozi zote mbili, kila moja mahali pake.